Nzi wa Ng'ambo ya Kijito

Watu walimwita mzee yule Bwana Miti, na jina lilimkaa. Alipostaafu kazi ya misitu alinunua shamba lililochoka, akalipanda miti ya asili mche kwa mche hadi likawa msitu. Ng'ambo ya kijito ulisimama msitu wa kale, ambao haukuwahi kuguswa na jembe wala shoka.

Binti yake alisomea wadudu. Kila msimu wa maua alitega nyavu pande zote mbili, akitafuta nzi wa maua, wale wenye milia kama nyuki wanaoning'inia hewani bila kutikisika. Msitu wa kale ulimpa aina chungu nzima. Wa baba ulimpa wale wa kawaida tu, wanaopatikana hata bustanini.

"Mbona miti ni ile ile?" baba aliuliza, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Ni ile ile, baba. Ila hawa wenzetu hulea watoto kwenye mashimo ya miti mizee, ndani ya maji yaliyooza. Miti yako bado vijana. Tena si wasafiri, husogea kwa jirani pole pole."

"Basi kijito si kitu. Watavuka."

Hata alipolazwa, mapafu yamemgomea, swali lake kwa binti lilikuwa hilo hilo. "Mama, wamevuka?"

"Bado, baba."

Asubuhi moja binti alitoka wodini kwenda kutazama nyavu. Alisikia misumeno kabla hajafika. Msitu wa kale ulikuwa umelala chini wote.

"Dada, rudi nyuma, hapo hatari," mkata miti mmoja alimwambia.

"Mmekata yote?"

"Mwenyewe kauza. Sisi vibarua tu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Pole."

Kwenye gogo moja lililopasuka, maji meusi yalikuwa yakichuruzika kutoka shimoni, na ndani yake viluwiluwi vya nzi vikijinyonganyonga, vyenye mikia mirefu. Akamwaga chakula chake cha mchana, akavikinga kwa bakuli, akavuka kijito maji yakimfika magotini. Katika msitu wa baba alipata panda moja tu ya mti iliyokuwa na maji, kiasi cha kiganja. Akavimimina humo.

Jioni baba aliuliza tena. Binti alimshika mkono.

"Wamevuka, baba."

"Si nilikwambia?" Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Hakuuliza habari za ng'ambo, naye binti hakumwambia. Siku chache baadaye mzee alifariki.

Baada ya mazishi, binti alimpeleka kaka yake penye ile panda. Maji yalikuwa yamekauka. Chini palibaki utando mweusi, na vile vimikia vimenata juu yake kama nyuzi.

"Kwa hiyo hawakuvuka," kaka alisema.

"Niliwavusha mimi. Hawakuishi."

"Na wengine?"

"Watoke wapi?"

Kaka alivua koti lake, akamfunika dada yake mabegani.