Boti ya Mtu Mmoja

Kama Olal angemtukana, Cleopas angejua la kufanya. Angemrudishia tusi lake, wangenuniana siku mbili tatu, halafu Jumamosi ingefika na wote wawili wangeonekana Gaba ufukweni, mmoja na kasia, mwingine na fimbo za kuvulia, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndivyo walivyoishi miaka yote. Lakini Olal hakutukana. Alikuja dukani kwa Cleopas, Kikuubo, mchana kweupe, akangoja wateja wa ndoo waondoke, akaegemea rundo la mabeseni na kusema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Mimi nanunua boti. Ya mtu moja."

Cleopas alikuwa anafunga majagi kwa kamba. Hakuinua uso. "Ya mtu mmoja," alisema.

"Eh. Ile yetu mbao imeoza, hata wewe naona. Kuna mama Kisenyi iko na mbili, zile za plastiki. Kesho twende. Wewe ndio najua boti. Wewe utachagua."

Kisha akaondoka, mrefu na mwembamba, akipenya kati ya wabeba mizigo kwa mwendo ule wa polisi ambao hata kustaafu hakukuwa kumemtoa. Cleopas akaivuta kamba mpaka jagi moja likapasuka.

Basi na tuseme ukweli, kwa sababu Cleopas mwenyewe siku ile hakuwa tayari kuusema. Hasira yake haikuwa ya boti. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma, muuza plastiki, mtu aliyekuja Kampala akiwa hamjui mtu, na katika mji huu wote rafiki aliyempata ni huyo Mwacholi wa nyumba za polisi Nsambya. Kila Jumamosi walivua sangara pamoja. Cleopas alikaa nyuma na kupiga kasia. Olal alisimama mbele na kurusha ndoano. Olal alipoinama kupita kiasi, Cleopas alimkaripia, "Afande, kichwa! Boti hufuata kichwa!" na Olal akajinyoosha. Mmoja hakujua kuendesha, mwingine hakujua kurusha, na hakuna aliyeona haja ya kujifunza kazi ya mwenzake.

Sasa boti ya mtu mmoja maana yake nini? Maana yake ni kwamba wa pili hatakiwi. Na sababu Cleopas aliijua, au alidhani anaijua: mwezi uliopita Olal alikuwa amemleta sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza hadi ubavuni mwa boti, na Cleopas akachelewa kuingiza wavu. Mshipi ukakatika. Olal hakusema neno hadi nchi kavu. Kumbe alikuwa anapanga talaka. Na ubaya wa talaka yenyewe, mwenye kuachwa ndiye anaitwa aje amchague mke mwenza, amkague meno na kiuno, aseme, naam, mume wangu, huyu atakufaa.

Jioni alimwambia mkewe, Nabangala, ambaye alikuwa anachambua mchele.

"Si umuulize?" Nabangala alisema. "Kuuliza si ujinga."

"Simuulizi."

"Leo nilipita kwake Nsambya. Mkewe Lakot anafunga sufuria kwa magazeti."

"Wanatoka nyumba ya serikali, mtu akistaafu si lazima atoke? Watapanga chumba hapo Kibuye kama watu wengine. Hayo ya sufuria yana uhusiano gani na boti?"

Nabangala akamtazama, akarudi kwenye mchele wake. Alikuwa ameishi na hasira za mume wake muda wa kutosha kujua kwamba zikiwa jikoni hazisikii.

Uwanja wa yule mama, Nusura, ulikuwa nyuma ya gereji, umejaa viti vya magurudumu, majokofu na baiskeli za watoto, vitu vya mitumba vilivyoshushwa kutoka kwenye kontena. Boti mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Moja ilikuwa pana, bapa chini, rangi ya haradali, na kiti chake kilikuwa chini kabisa. Nyingine ilikuwa nyembamba, ndefu, nyekundu, yenye pua iliyochongoka na kiti kilichoinuliwa juu.

Cleopas hakuhitaji hata kuzigusa. Ile ya haradali ilikuwa nzito na ya polepole, lakini ungeweza kumvuta sangara ukiwa umekaa kando, ukakohoa, ukakuna mgongo, nayo isitikisike. Ile nyekundu ilikuwa ya mtu aliyezaliwa ndani yake. Chini imechongoka, juu kiti kirefu. Mtu asiyejua kuendesha angeingia upande huu na kutokea upande wa pili. Samaki mmoja tu avute kwa ubavu, na kwaheri.

"Hii pana inabeba mtu kama gunia," Nusura alisema. "Mzee, chukua hii."

Olal aliizunguka ile pana. Aliibonyeza kwa goti. "Mtu ya kilo mingi, inamubeba?"

"Hata wewe na mkeo."

"Hapana, mtu moja. Lakini mzito." Kisha akamgeukia Cleopas. "Kaa ndani kidogo, nione."

"Nikae nifanye nini?" Cleopas alisema. "Kwani nimekuja kupimwa?"

Kilo nyingi! Hata mbele ya mwanamke wa watu lazima akumbushwe tumbo lake. Na hapo, katikati ya majokofu yale, wazo likamjia, baya na tamu, akalipokea kwa mikono miwili. Alimwona Olal akiwa peke yake ziwani, mrefu, hajui kasia, amesimama kurusha, na hakuna mtu nyuma wa kumwambia kichwa. Alimwona akitumbukia na kofia yake. Kuogelea anajua, hatakufa. Ataloa tu. Ataloa na kukumbuka nani alikuwa anakaa nyuma.

"Hiyo pana ni beseni," Cleopas alisema. "Mimi nauza mabeseni, nayajua. Chukua nyekundu."

Nusura alifungua mdomo, akaufunga. Boti zote mbili zilikuwa zake.

Olal aliitazama ile nyekundu kwa muda mrefu. "Iko nyembamba."

"Wembamba ndio mwendo."

"Cleopas." Olal alikuwa na desturi ya kulitaja jina zima anapotaka jibu lisilo na utani. "Kama hii ni yako wewe, utachukua hii?"

"Ningechukua hiyo hiyo."

"Haya." Olal akatoa bahasha ya kiinua mgongo chake mfukoni, hakubishana hata bei, na Cleopas akajisikia vizuri kwa muda wa kutoka pale hadi barabarani. Baada ya hapo hakujisikia vizuri tena, na hilo nalo likamkasirisha.

Jumamosi, pikapu ya kukodi iliishusha boti Gaba, mbali kidogo na pale wanapouza samaki. Olal aliivuta mpaka maji ya magotini. Akachukua jaketi la kuelea, akamvika Cleopas kwa mikono yake, akazikaza kamba zake moja moja.

"Panda."

"Mimi? Panda wewe."

"Hii ni yako," Olal alisema.

Cleopas alidhani ni mzaha. Lakini Olal alikuwa anatazama maji, na shingo yake imekakamaa kama ilivyokuwa siku ya gwaride lake la mwisho.

"Mimi naenda kwetu Kitgum Jumatatu. Na Lakot, na vitu yote. Nyumba nimerudisha. Kule hakuna ziwa. Sasa mimi nafikiri, nikienda, Cleopas atavua na nani? Iko kichwa ngumu, haiwezi tafuta mtu mwingine. Boti ya watu wawili na mtu moja ndani, hiyo ni matanga. Heri ya mtu moja."

Cleopas hakumsikia vizuri mwishoni kwa sababu damu ilikuwa imempanda masikioni. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Tangu Krismasi! Tumekaa boti moja tangu Krismasi, Olal, mgongo wako mbele yangu kila wiki, na hukusema?"

"Ningesema, ungeanza kununa mapema. Wewe mimi najua. Panda."

Alipanda. Alipanda kwa hasira, kilo zake zote na goti lake bovu, na kabla makalio hayajafika kwenye kile kiti kirefu, boti nyekundu ilimtupa kama ng'ombe anayefukuza nzi. Alizama, akameza maji, akaibuka na jaketi limemfika masikioni. Olal alikuwa ameishika boti, anacheka, anacheka kile kicheko chake cha nadra cha kukosa pumzi.

Kisha kikakatika.

Cleopas alikiona kinakatika. Aliona macho ya Olal yakienda kwenye kiti kirefu, yakashuka kwenye ubavu mwembamba, yakarudi kwake.

"Kule Kisenyi," Olal alisema polepole, "mimi nauliza wewe, kama ni yako, utachukua hii? Wewe nasema eh."

"Nilisema."

"Na wewe najua boti. Wewe najua hii naanguka."

Angeweza kudanganya. Plastiki imepinda kwa jua, mama yule ametuuzia takataka, maneno yalikuwepo, na muuza duka hakosi maneno. Lakini maji yalikuwa yanamchuruzika usoni na alikuwa amechoka kukasirika peke yake.

"Nilijua," alisema.

"Wewe nafikiri ni yangu."

"Nilifikiri ni yako."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha sufuria hapo karibu aliacha kuosha. Cleopas alingoja tusi. Alilitamani. Angepewa hata kofi angelipokea, kisha wangekaa kwenye mchanga na kuanza upya.

"Panda," Olal alisema.

Sauti haikuwa ya rafiki. Ilikuwa ya askari anayefunza makuruta, na Cleopas hakuwahi kuelekezewa sauti hiyo. Akapanda, akaanguka. "Panda." Akaanguka upande wa pili. Olal hakumshika mkono hata mara moja. Aliishika boti tu, akatoa amri. Shika ukingo wa mbali. Piga miguu. Lala na tumbo juu yake, ngoja itulie. Sasa geuka, kalia makalio, miguu baadaye. Hapana, rudia. Panda. Alifundisha hivyo kwa meno yaliyobanwa, na maji yalikuwa yamemlowesha hadi kifuani, na suruali aliyoivaa ilikuwa ile ya heshima. Alikifungua kile kiti kirefu kwa kisu, akakitupa nyuma yake bila kutazama kinaangukia wapi. "Kaa chini kabisa. Panda."

Cleopas naye alikuwa anawaka. Alijichukia, akamchukia Olal kwa kuwa na haki, akaichukia Kitgum, mji ambao hajawahi kuuona. Alipanda kwa chuki hiyo hiyo, na mara moja, hakujua imekuwaje, akajikuta amekaa. Boti ilitetemeka chini yake, haikupinduka.

"Kichwa," Olal alisema nyuma yake. "Kichwa juu ya kitovu. Boti nafuata kichwa. Nani alisema?"

"Mimi."

"Piga kasia."

Kuna kitu kiligonga kwenye tundu nyuma ya mgongo wake, kisha mikono ya Olal ikaisukuma boti kwa nguvu kuelekea kwenye kina. Cleopas alipiga kasia kulia, kushoto, kulia. Ile nyekundu ilikimbia. Kweli ilikuwa na mwendo, hilo hakudanganya. Alitaka kusema neno. Nisamehe ni neno fupi, lakini halisemwi kwa kuyatazama maji ya mbele, na akigeuka kumtazama Olal kichwa kitatoka juu ya kitovu, na boti hufuata kichwa.

"Afande!" aliita, uso ukielekea ziwani.

Hakujibiwa. Alisikia maji yakikanyagwa, mtu anatoka. Alisikia mlango wa pikapu, kisha injini. Alipunguza kasia kidogo kidogo mpaka boti ikasimama, lakini ikisimama ilitikisika zaidi kuliko ikienda, kwa hiyo ilimbidi aende.

Alipofika pale walipozoea kuvulia, alirudisha mkono nyuma taratibu, bila kugeuza shingo, akipapasa kilichogonga. Vidole vikaukuta mpini wa fimbo ya kuvulia, na kwenye mpini utepe wa raba uliozungushwa vibaya, ule ambao Olal aliuzungusha mwenyewe na hakuruhusu mtu yeyote aushike, hata Lakot akifagia.

Hapo Cleopas akamtukana. Alimtukana Olal kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, yeye na boti yake na ukimya wake na Kitgum yake, kwa sauti kubwa, akinyamaza kidogo kila baada ya tusi kama alivyozoea. Hakuna aliyemrudishia.