Boti Lililotoka Jasho

Hamduni alikuwa ameunda mitumbwi ya mbao miaka arobaini pale Mwigobero, Musoma, na hapakuwa na chombo kilichowahi kumshinda, mpaka lilipokuja boti la faiba. Lilikuwa boti jeupe, refu, mali ya kikundi cha akina mama wa dagaa. Wafadhili fulani waliwaachia wakaenda zao, enzi zile hata kipande cha sabuni ukikipata unakificha. Likakaa majini miaka mitano bila kutolewa. Siku lilipopinduliwa mchangani, tumbo lote lilikuwa limeota malengelenge, mengine kama punje ya mahindi, mengine kama kiganja cha mtoto. Ukitoboa moja, linatema maji yenye harufu ya siki.

"Limepata tetekuwanga," alisema Wankyo, mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kisiwani. "Fundi, utaliponya?"

"Naponya vyombo tangu wewe unabebwa mgongoni."

Neno hilo ndilo lililomfunga kamba. Maana Enoka, mfugaji wa Bunda, shemeji yake Wankyo, alikuwa ameahidi mitamba miwili apewe boti hilo liwe hori la kunyweshea ng'ombe, na nusu ya akina mama walishakubali. Wankyo akakata shauri mbele ya wote: fundi aliponye, kisha likae majini mwezi mzima, kisha lipinduliwe. Likikutwa na lengelenge hata moja, Enoka alichukue.

"Ng'ombe wangu watakunywa melini," Enoka akacheka. "Shemeji, nitawashonea na kofia za unahodha."

Hamduni akaanza kazi. Mwaka ule biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, na Abdulkadiri mwenye duka akamletea kutoka Kisumu madebe mawili ya rezini, ile gundi ya kushikiza faiba. Akatoboa malengelenge kwa patasi, akapiga msasa, akaziba. Na kila asubuhi na kila jioni akalimwagia boti ndoo kumi za maji, akalifunika kwa magunia mabichi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: chombo kikiwa nchi kavu hunyweshwa, mbao zisikauke zikaachana. Hakuna fundi wa mitumbwi kando ya ziwa asiyejua hilo.

Baada ya wiki mbili malengelenge yakarudi, yamekuja na ndugu zao. Akatoboa tena, akaziba tena. Yakarudi tena. Debe la kwanza likaisha.

"Mume wangu," mkewe Kudura alimwambia wakinywa uji, "jana nimekuona unapapasa kibuyu changu. Hicho ni kizima, kiache."

Siku moja mchanga ulijaa dagaa mpaka pakakosekana pa kuanika. Wankyo akayaondoa magunia, akalifuta boti kwa kanga yake mpaka likawa kavu, akatandika nailoni juu yake na kumwaga dagaa hapo. Saa tisa alasiri alipokuja kuzoa, akainua nailoni. Upande wa chini ilikuwa imejaa matone.

"Fundi! Njoo uone. Boti lako linatoka jasho!"

"Umande huo."

"Umande saa tisa, mzee wangu? Na nililifuta mwenyewe!" Akampa ile nailoni aishike. "Dagaa wakifungwa hawajakauka, si wanatokaga jasho hivihivi? Halafu wanavimba, wananuka. Maji iko ndani, fundi. Na wewe unaliongezea ndoo kumi asubuhi, ndoo kumi jioni. Mgonjwa unamnywesha ugonjwa wake!"

Akina mama wakaangua kicheko. Hamduni akawapa mgongo, akaenda akakaa juu ya gogo, uso kama umemwagiwa pilipili. Miaka arobaini! Akaitazama ndoo. Akalitazama boti. Mbao hunywa maji ikanenepa, ikajifunga yenyewe. Hili nalo lilikuwa likinywa, lakini halikuwa na pa kunenepea, likawa linatumbuka ngozi. Mabega yakaanza kumtikisika, na Wankyo akadhani analia, kumbe anacheka mpaka kofia imemdondoka.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Chombo najua mimi. Kukausha mnajua nyinyi. Nifundisheni."

Hapo ndipo boti lilipopata madaktari. Malengelenge yote yakafunguliwa, ile siki ikaoshwa mpaka harufu ikaisha. Kisha wakaliinua juu ya magogo ili upepo upite chini yake. Jua likitoka wanalifunua, likizama wanalifunika, kama wafanyavyo kwa dagaa wao. Hana, binti mdogo kuliko wote kikundini, alipewa kazi ya kubandika kipande cha nailoni tumboni mwa boti na kukibandua kesho yake. Julai kilitoka kimelowa. Mwanzo wa Agosti kilitoka na matone ya kuhesabu. Hamduni akitaka kufungua debe la pili, Wankyo anamzuia mkono: "Bado, mzee. Hili ndilo la mwisho." Mwisho wa Agosti kilitoka kikavu mara tatu mfululizo, na Hana akakimbia nacho sokoni akikipepea kama bendera.

Ndipo fundi akarudia ufundi wake. Akaziba, akaweka viraka vya nyuzi za faiba, akasawazisha, akapaka rangi. Septemba likashuka majini.

Oktoba Enoka akaja. Alitoka Bunda alfajiri na trekta na tela, akapita Makutano ya Butiama akipiga honi, kamba zimeviringwa tayari. Boti likavutwa nje, likapinduliwa. Akina mama wote wakapiga magoti, viganja vikatambaa kwenye tumbo lile kama wanatafuta sindano. Hamduni alisimama kando.

"Nimepata!" Enoka alipaza sauti kutoka mkiani. "Hili hapa! Mkubwa wao!"

Wankyo akaenda, akainama, akapapasa. Kweli kulikuwa na kivimbe. Akakibana kwa ukucha. Kikang'oka, akakiweka kiganjani mwa shemeji yake. Kikatoa pembe mbili.

"Shemeji," alisema, "huyu ni konokono. Utamnywesha?"

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa wapima mizani sokoni. Enoka alimtazama konokono, akamtazama Hamduni, akacheka kuliko wote.

"Basi nipelekeni kisiwani na mimi," alisema akivua viatu. "Sijawahi kupanda hori la ng'ombe wangu."

Wakalisukuma majini pamoja. Hamduni ndiye aliyeruka ndani wa kwanza, kama kijana.