Maharage Mekundu Mawili

Danieli alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na aliyempa si mchawi. Waliompa ni baba yake na mama yake, nusu kwa nusu, bila kujua. Ladislaus aliambiwa hivyo kliniki, kule bondeni Ndanda, akiwa kwenye benchi na mkewe Dorika. Mtoto, wa kwanza na wa pekee, alikuwa amelala kati yao, viganja vimevimba kama maandazi.

Nesi aliitwa Imakulata. Alipoona maneno hayaingii, alileta vikombe viwili vya plastiki na maharage manne. Kila kikombe akatia harage jeupe moja na jekundu moja.

"Hiki ni Baba Danieli, hiki ni Mama Danieli. Kila mtu achomoe moja kwenye chake, bila kuchungulia. Mtoto huchukua moja kwa baba, moja kwa mama. Mekundu yakikutana, ndiyo selimundu."

Wakachomoa. Jeupe na jekundu.

"Huyo haumwi, ila amebeba. Rudisheni, tikiseni. Tena."

Meupe mawili. Wakarudisha. Mekundu mawili. Wakarudisha. Mekundu mawili tena.

"Hukutikisa wewe," Ladislaus akamwambia mkewe.

"Nimetikisa."

"Katikisa," nesi akasema. "Hutokea. Sasa hesabuni njia zenyewe. Meupe yote. Jeupe la baba na jekundu la mama. Jekundu la baba na jeupe la mama. Mekundu yote. Njia nne, mbaya moja. Moja kati ya nne, kila mimba. Baba Danieli, umeelewa?"

Ladislaus aliacha shule darasa la tano. Alisema ameelewa. Kwenye bodaboda, wakipanda mlima kurudi Makote, alikuwa akirudia mdomoni: moja kati ya nne, moja kati ya nne.

Dorika hakutaka mimba nyingine. Alimwambia mara moja tu, wakiwa wanakula. "Tumlee huyu. Anatosha." Ladislaus alitaka watoto wanne. Akaendelea kula.

Msimu wa korosho ulipofika, wakawa wanachambua kwenye turubai, mbovu huku, nzuri huku. Jirani yao Salmini alikuja kuwasaidia. Ladislaus akatia korosho nne kwenye mkebe, tatu nzuri na mbovu moja, akamsogezea.

"Chomoa moja."

"Lo! Baba Danieli umerudi shule? Sare umeshashona?"

"Chomoa, acha maneno."

Salmini akachomoa nzuri. Ladislaus akairudisha, akatikisa, akamwambia achomoe tena. Walicheza hivyo mpaka ikatoka mbovu. Hiyo hakuirudisha. Aliitupa vichakani.

"Huyo ni Danieli. Zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Nzuri ngapi?"

"Zote."

"Basi."

Dorika alikuwa upande wa pili wa turubai. "Nesi alisema turudishe."

"Mama Danieli, wewe umezaliwa kwenye korosho. Mbovu ukishaitoa, huirudisha kwenye gunia?"

"Siirudishi."

"Nani huirudisha?"

"Mwizi," Salmini akasema, "anayetafuta kilo." Akacheka peke yake.

"Vile vilikuwa vikombe," Dorika akasema. "Havikuwa gunia."

Lakini mumewe alikuwa na mkebe. Kila Dorika alipokataa mimba, mkebe uliletwa. Mwisho alichoka kuuona.

Akazaliwa Yuliana, mzima kabisa. Alipimwa, hana kitu. Ladislaus akatoa korosho moja mkebeni, akaitafuna mbichi ikamchoma midomo. "Zimebaki mbili," alisema. "Ulikuwa unaniogopesha bure."

Akazaliwa Isaka. Alipofikisha miezi saba, asubuhi moja vidole vilikuwa vimevimba, na nyayo pia. Dorika alimfunga mgongoni, wakashuka Ndanda.

Majibu yalipotoka, Ladislaus alimwambia nesi, "Wa kwetu tulishampata."

"Nani?"

"Yule mmoja kati ya wanne. Ni Danieli."

Imakulata aliinuka. Kisha akaenda kuleta vikombe.

"Chomoa. Vyote viwili, wewe mwenyewe."

Akachomoa. Mekundu mawili.

"Huyo tumwite Danieli. Sasa tunataka mwingine. Unafanyaje?"

Ladislaus aliyashika maharage mkononi. Moja lilikuwa na tundu la mdudu. Alilitazama lile tundu. Alijua kwamba ilimpasa kusikia kitu fulani, uchungu au hasira, lakini hakusikia chochote.

"Rudisha, Baba Danieli. Usiporudisha, vikombe hivi si nyinyi tena. Damu yenu ni ileile. Kikombe hakijui umeshazaa wangapi."

Akarudisha.

"Nilimwambia," Dorika alisema. Alikuwa anamwambia Isaka, huku akimfunga upya.

Isaka alifariki wakati wa mvua, kwa homa ya siku mbili. Salmini alichimba kaburi, naye siku hiyo hakutania. Watu walipompa Ladislaus pole, aliitikia "tumeshapoa", akauliza kama turubai limeshafunikwa, maana mvua ilikuwa inarudi. Mtu mmoja akamjibu kuwa si msimu, hakuna korosho turubaini. Akasema ndiyo, kweli.

Isaka aliishi miaka miwili na miezi mitatu. Alilazwa mara saba. Aliongezewa damu mara nne, na mara moja ilikuwa ya Salmini. Watoto waliozaliwa ni watatu. Danieli yupo, anaumwa. Yuliana yupo, mzima. Isaka yuko chini ya mkorosho wa mpakani. Dorika anapika, anafua, anajibu akiulizwa. Korosho anachambua peke yake, kwenye turubai lake.