Kwato Nyuma ya Lori la Peterson

Jumatatu asubuhi, katika kibanda chake cha kutengeneza redio pale sokoni Kitengela, Naserian alitandaza gunia mezani, akaliweka lori la Peterson chali, akafungua magurudumu manne na kutia nati zake kwenye kifuniko cha mkebe. Lori lenyewe halikuzidi mkono, kiwiko hadi vidole. Lilikuwa la mashindano ya kwenye mashimo na matuta, likiongozwa kwa rimoti yenye antena ndefu. Alichovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua beringi.

Kazi ya redio alifunzwa na marehemu mumewe, lakini aliishika sana baada ya ukame wa mwaka wa 2000, ng'ombe wake arobaini walipofia nje ya ua wa Peterson. Ndani ya ua huo kulikuwa na silanga, bwawa ambalo mifugo ya pale ilinyweshwa tangu enzi za babake mkwe. Peterson alipoonyeshwa shamba kabla ya kulinunua, ramani ilisema silanga ni la watu wote. Hati ya shamba ilipotoka, haikusema hivyo. Akazungusha seng'enge, akatia kufuli kwenye geti. Ng'ombe walisimama pale wakinusa maji, wakaanguka mmoja mmoja, na Peterson, ambaye ni mtu wa adabu, alituma salamu za pole.

Kwa hivyo lori lilipoanza kuacha alama za kwato badala ya alama za magurudumu, Naserian hakuuliza ni za nani. Aliinama kwenye uwanja wa mashindano wa Peterson, ndani ya ua, akazisoma, maana mfugaji hasahau ukwato wa ng'ombe wake.

"Huyu ni Nado," alisema. "Na huyu alikuwa akiburuta mguu wa nyuma tangu azaliwe."

Peterson alitazama chini. "Zinapunguza spidi, Mama Lemein?"

"Hapana."

"Basi ziache."

Mota iliyokuja na lori, kwa hesabu ya kwato, ilivuta ng'ombe sita tu. Naserian alipobadilisha brashi za mota, wakawa tisa. Alipotoa gia za plastiki akatia za chuma, na kumwaga mafuta mazito ndani ya shoki ili lori lisirukeruke, wakafika ishirini na watatu. Hapo ndipo alipoanza kuifanya ile kazi kwa bidii ambayo Peterson mwenyewe hakuwa ameiomba.

"Naserian, wallahi sikuelewi," alisema Yurub, aliyeuza vitambaa kibanda cha pili. "Unamnenepeshea adui gari?"

"Namnenepeshea ng'ombe."

"Na wakishanenepa?"

"Watasimama wote mbele yake, waliokufa arobaini. Aone haya afungue geti."

"Peterson aone haya!" Yurub alicheka mpaka akashika meza. "Mama, hata mota haiwezi hiyo."

Mwaka ule, wa 2005, mvua ya mwisho wa mwaka ilikosekana. Naserian alikuwa amebakiwa na ng'ombe wawili, mmoja akiwa na mimba. Mwanawe Lemein, mtu mzima mwenye watoto wake, aliwapeleka Isinya kutafuta maji, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

"Yeyo, huyu wa mimba analala njiani," Lemein alimwambia. "Siku moja hataamka."

Katika majuma hayohayo Peterson alileta lori, beringi zimesagika tena. Naserian, ambaye hawezi kuona beringi ikiteseka akanyamaza, alisema, "Ni vumbi. Uwanja ukiwa na unyevu zitadumu."

Jumamosi iliyofuata Peterson alitia pampu kwenye silanga, akamwagilia uwanja wake wa mashindano kuanzia pembe hii hadi ile. Tangu siku hiyo alimwagilia kila Jumamosi. Naserian alisimama nje ya seng'enge akitazama maji yakinywewa na mchanga. Ushauri ulikuwa wake na ulikuwa sahihi. Siku mbili hakumeza chakula, na aliposaga meno, Yurub alimsikia kutoka kibanda cha pili.

Kisha alifunga mota mpya, ili wafike arobaini. Alikaza kila skrubu, akapaka grisi, akajaribu springi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Jumapili walikuja wageni kutoka Nairobi na Ngong na malori yao. Lori la Peterson lilishinda. Kisha likaacha kusikia rimoti, likatoka uwanjani, likashuka hadi ukingo wa silanga na kusimama, pua juu ya maji. Nyuma yake ardhi ilikanyagika kwa upana wa barabara. Naserian aliwasoma wote arobaini. Kijiti cha Peterson cha kupimia maji kikaonyesha yameshuka vidole viwili. Wageni wakapiga makofi, wakaenda kula nyama.

"Hao ndio uliowafungia," Naserian alisema. "Fungua geti, Peterson. Niko na wawili tu. Mmoja ana mimba."

"Nikifungulia wako, nitafungulia wa kila mtu. Mavi, kupe, uwanja wote uharibike."

"Na hawa?"

Peterson alifikiri, kwa sababu alipenda kutenda haki. "Hawa hawana kupe. Wacha wakunywe. Kila Jumapili, mradi lori linatembea."

Naserian alimtukana kwa Kimaasai, matusi marefu yaliyogusa ukoo wake wote. Peterson alisikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai. Naserian hakuinywa. Lakini lori hakuacha kulitengeneza, maana sasa likikwama, arobaini wangekosa maji mara ya pili.

Jumapili ya tatu aliteremka ukingoni kama kawaida kuwasoma. Lemein alikuwa bado hajarudi kutoka Isinya. Kwenye tope, nyuma ya wale arobaini, kulikuwa na ukwato mwingine, uliozama sana. Kando yake kulikuwa na kwato ndogo, kila moja kama kizibo cha chupa.

Peterson alikuja akachutama karibu naye.

"Na hizi ndogo?"

"Huyo alikuwa azaliwe mwezi wa nne."

"Pole sana, Mama Lemein," alisema Peterson, na alimaanisha. Halafu akainuka, kwa vile wageni walikuwa wakiondoka, akamwita mlinzi afunge geti.