Maji ya Mnazi wa Tekinaiti

Siku Tekinaiti alipoondoka, wimbo wake ulikatika katikati ya ubeti. Nei Aroita, mkewe, alikuwa chini ya mnazi akikuna nazi, akadhani mumewe amenyamaza ateme mate. Kisha akamwona akiteremka haraka, kisu kikiwa mdomoni, kibuyu cha tembo amekiacha juu kikining'inia kwenye karara. Alisema bamvua limepanda upande wa bahari kuu na safari hii halitasimama ufukweni. Akavaa ndara zake, akaenda kuzima jenereta la kisiwa, ambalo yeye ndiye aliyekuwa akiliangalia.

Alilizima. Hilo lilijulikana baadaye, kwa sababu swichi kuu ilikutwa imeshushwa na nyaya hazikuungua. Yeye mwenyewe hakukutwa. Bahari ilikuwa imepita juu ya banda la umeme, ikavuka kisiwa na kutokea upande wa pili. Ndara moja ilipatikana juu ya mshelisheli, nyingine haikuonekana.

Wazee walikuwa wamewaambia mafundi wa mradi wa umeme, zamani banda likijengwa, kwamba pale ndipo bahari inapopita ikitaka kupita. Mafundi waliwashukuru. Lakini ardhi iliyoinuka, ile karibu na kanisa, ilikuwa imekwisha kutengwa kwa ajili ya nyumba ya wageni, ili mafundi wapate pa kulala wanapokuja kukagua banda.

Maji ya kunywa kisiwani yalitoka kwenye mashine ya kuchuja chumvi. Mashine iliendeshwa na jenereta, na jenereta lilipozwa kwa maji yaliyotoka kwenye mashine. Bamvua lilipasua tangi la kupozea na kumwaga yote. Tangi liliweza kuzibwa, ila hapakuwa na cha kutia ndani. Visima viliingia chumvi, ambayo hula mabomba ya jenereta, na mvua ilikuwa imepoteza miezi yake tangu mwaka juzi. Mashine ikawa inalingoja jenereta, jenereta nalo linaingoja mashine. Watu walikunywa madafu.

Ruuka, mdogo wake Tekinaiti, ndiye aliyekabidhiwa funguo za banda. Kwa watu wa kisiwa hiki, yeyote anayekosa maji hupewa dafu, awe mgonjwa, awe mtoto mchanga. Ruuka hakuona kwa nini jenereta linyimwe. Mzee Bwereti, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliliona wazo kuwa la busara, na kila nyumba ikaleta madafu yake. Jenereta liliwaka vizuri, watu wakapiga makofi. Muda si muda likaanza kunukia. Madafu yalichemka ndani ya rejeta mpaka yakawa asali, na asali ikaganda kwenye mabomba.

Nei Aroita alifuata harufu mpaka mlangoni pa banda.

"Shemeji," alimwambia Ruuka, "utapakua saa ngapi, nikalete bakuli?"

"Nicheke tu, shemeji."

"Sikucheki. Nimeshinda na njaa."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu bamvua. Hakuwa amelia. Watu walikuwa wamekuja kukaa naye mkekani, wakalia wao, wakaondoka, na yeye macho yake yakabaki makavu kama matangi.

Jioni moja, Ruuka akiwa bado anakwangua asali kwa waya, wimbo ukarudi. Ulianzia palepale ulipokatikia, katikati ya ubeti, ukitoka kileleni pa mnazi wa Tekinaiti. Juu hapakuwa na mtu. Shina liliyumba kidogo, kama linavyoyumba likiwa na mwanamume wa uzito wake.

Mgema huku lazima aimbe. Wanawake huoga nyuma ya viambaza visivyo na paa, na wimbo huwajulisha kuwa kuna mtu juu, wajisitiri. Nei Tibwere, jirani, alikuwa anajimwagia maji ya bahari. Alijifunga nguo yake na kupaza sauti juu ya kiambaza.

"Aroita, mwambie mumeo kifo hakijamfunza adabu. Amepanda kwanza ndiyo akaimba."

"Mwambie mwenyewe," alijibu Aroita. "Wewe ndiye uliyeonekana."

Wimbo ulipokwisha, kibuyu kilishuka kwa kamba mpaka mikononi mwake, kama zamani. Ndani hamkuwa na tembo. Yalikuwa maji baridi, safi, yasiyo na chumvi. Alfajiri kibuyu kilishuka kimejaa tena. Jioni Aroita alifunga ndoo kwenye kamba, nayo ikapandishwa, ikarudi inamwagika.

Kijiji kizima kilijua kabla ya chakula cha jioni. Hakuna aliyegusa. Kinachogemwa ni cha mgema na watu wa nyumba yake, na anayekinga chombo chake chini ya mnazi wa mwenzake hana pa kuketi tena katika maneaba, ukumbi wa kijiji. Kwa hiyo Mzee Bwereti alikuja mwenyewe, akakaa mkekani, akaulizia kwanza habari za kuku.

Kuku walikuwa wazima.

"Mama," alisema, "watoto wanaharisha kwa madafu. Jenereta linataka ndoo chache tu za kuanzia. Likishaamka, mashine italinywesha."

"Najua, mzee."

"Sasa kinachokuzuia nini?"

Aroita alikunja ukingo wa mkeka, akaukunjua. Sauti ya mumewe akiwa hai ilikuwa inalishinda jenereta. Hii ya sasa ilikuwa nyembamba, ilizidiwa hata na jogoo.

"Likiwaka sitamsikia."

Mzee Bwereti alifikiri. Aliuliza marehemu anapanda saa ngapi. Akajibiwa kuwa ni alfajiri na jioni, saa zake zilezile.

"Basi jenereta lingoje ateremke," alisema. "Hata hivyo wanawake wana haki ya kusikia. Hatuwezi kuwa na mgema asiyesikika, ni aibu kwa kijiji."

Aroita alitoa maji.

Jenereta liliwaka bila kunukia chochote. Mashine ilikohoa, ikatema maji ya kutu, kisha ikatoa meupe, na foleni ya madumu ikaanza kusogea. Mama mmoja aliwaosha wanawe wote watatu kwa pamoja na hakuna aliyemkataza. Aroita alipewa kikombe cha kwanza. Alikunywa, akaomba cha pili, akakinywa chote, kisha akaketi kwenye kizingiti cha banda, chini ya swichi kuu, na kulia mpaka kifua kikalowa.

"Shemeji," alisema Ruuka baada ya muda, "ndiyo kwanza tumepata maji, unayamwaga."

Aroita alicheka huku analia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakapumua.

Mafundi walifika na meli kutoka Tarawa, mji mkuu. Walisimama chini ya mnazi jioni, wakayaonja maji, wakayapima, wakasema ni mazuri. Mzee Bwereti aliwaomba banda lihamishiwe juu, karibu na kanisa, kabla bahari haijataka kupita tena. Walimsikiliza kwa heshima. Walieleza kwamba udhaifu wa mfumo ulikuwa ni umeme na maji kutegemeana, na sasa jenereta limepata maji yasiyotegemea umeme. Kwa hiyo hapakuwa tena na sababu ya kulihamisha. Walilala nyumba ya wageni, na asubuhi wakaondoka. Banda lilipakwa rangi mpya palepale lilipo.

Bamvua la juzi lilifika kizingitini pa banda. Ruuka alishusha swichi, akatoka mbio, maji yakiwa magotini, na alipofika nyumbani Aroita alimpa taulo.

Umeme wa kisiwa hukatwa alfajiri na jioni, mpaka Tekinaiti ateremke.