Nukta Isiyosogea

Siku nilipoipata nyota yangu, nilimwambia Charity kabla ya kumwambia msimamizi wangu. Mwenye akili angefanya kinyume, lakini mwenye akili hajampenda nesi anayeketi kando yake kanisani kila Ijumaa, maana huku Qatar ndiyo siku ya mapumziko.

Kazi yangu hapa chuoni Doha ni rahisi kueleza, taabu kuifanya. Kuna lundo la nyota, maelfu kwa maelfu, zimebanana mviringo. Ndani yake darubini imenasa vyanzo hafifu mno vya eksirei, na mimi natakiwa kusema kila kimoja ni cha nyota gani. Kimoja kiliangukia juu ya nukta ya buluu. Nikaruka. Hapana shaka, nikasema, hizi ni nyota mbili: moja imekufa, nyingine ingali hai, na iliyokufa inamnyonya mwenzake.

"Ni kapo," nilimwambia Charity tukila ugali mtaani Al Mansoura baada ya ibada. "Ziko pamoja kitambo, ni vile watu hawakuwa wameona."

Nilimkazia macho. Akaomba aongezewe kachumbari.

Jumapili Daktari Emily, msimamizi wangu, aliitazama picha. "Umejuaje hiyo nukta ni ya hilo lundo, si kitu kiko nyuma tu?"

Nikajibu kwamba nukta na nyota za lundo zimekaribiana sana.

"Rodney, kukaribiana si hoja. Weka picha ya zamani kando ya mpya. Nyota za lundo husafiri pamoja."

Nikaziweka. Nyota zote zilikuwa zimesogea upande mmoja, kidogo tu, kama waumini wakimpisha mtu kwenye benchi. Nukta yangu ilibaki pale pale. Ilikuwa galaksi ya mbali huko nyuma, haina habari na lundo wala na mimi. Niliona aibu, maana nilikuwa nimeshatangaza WhatsApp kwamba kijana wa Bungoma ametambua nyota.

Mwingine angejifunza unyenyekevu. Mimi nilijifunza mbinu mpya ya kumpima Charity. Ijumaa, kanisani kule Mesaimeer, nilihamia safu za upande wa pili nione kama atasogea nami.

Hakusogea. Aliingia, akaniona, akanipungia mkono, akaketi pale pa siku zote. Mahubiri yalipita sikusikia neno. Moyo uliniuma, tena sana.

Baada ya baraka alinijia mbio, amejitanda leso hadi masikioni.

"Rodney, mbona umenihama? Leo nimeteseka!"

Jamani! Furaha ilinipanda hadi kooni.

"Hiyo AC ya ukutani ni noma. Wewe ndio hunizibia na hayo mabega. Friday ijayo rudi, ama uniletee yule rafiki yako Collins, yeye pia ni mpana."

Nilimwandikia Daktari Emily kwamba ile nukta si ya lundo. Hilo halikunisumbua.

Ijumaa iliyofuata niliwahi kanisani kabla hata ya wazee wa kanisa, nikaketi pale pangu pa zamani. AC ikanichapa shingo. Charity alikuja, akaketi, akaishusha leso mabegani. Jibu nilikuwa nalo, nimelithibitisha mwenyewe: sisi si kapo. Nikanyoosha mgongo, nikajitanua kidogo.