Kibaba cha Pili

Jumatatu ile Bi Mosi hakuja. Sihaba alipofungua mlango alikuta aproni ya muuguzi huyo kizingitini, imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa, na juu yake pamewekwa jiwe dogo ili upepo usiichukue. Ndani, mumewe, Fundi Makame, alikuwa amelala chali juu ya mkeka akingoja kugeuzwa.

"Amekuja?"

"Imekuja aproni."

"Basi iambie ianze na ubavu wa kulia."

Mambo haya yalitokea Mlalo, nchi ambayo ukuu wa mtu ulipimwa kwa urefu wa kitanda chake. Zamani mfalme wao wa kwanza aliugua mguu, akauguzwa nyumbani, na mawaziri walipoona anavyolishwa kwa kijiko, anavyopepewa, anavyogeuzwa polepole kama yai, na kwamba hakuna anayemsogelea bila kuinama, wakaamua kuwa ule haukuwa ugonjwa bali ni heshima. Wiki haikuisha nao wakawa kitandani. Tangu hapo hakuna mkubwa wa Mlalo aliyekanyaga sakafu. Vitanda vyao vilikuwa na magurudumu, barabara zao zilisawazishwa hadi zikang'aa, saa za ukutani zilihamishiwa darini ili zisomwe na mtu aliyelala chali, na magodoro yalipangwa kwa cheo, mawili kwa mkuu wa wilaya, matano kwa waziri, saba kwa Spika, Mheshimiwa Lalasalama, ambaye wageni walimsalimia kwa kupanda ngazi.

Waliowageuza walikuwa wauguzi wa majumbani. Asubuhi muuguzi alimgeuza mkubwa mmoja asiyeumwa, mchana akaenda kwa watu wa mikekani kumgeuza mmoja anayeumwa kweli, na kwa yote mawili alipewa kibaba kimoja cha unga kwa siku, kilekile alichopewa bibi yake. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya Simika, muuguzi alipewa vibaba viwili. Daraja la kwenda huko lilikuwa fupi.

Magodoro yote yale aliyashona Makame, mpaka siku alipodondoka kutoka juu ya lile la saba la Spika na kuvunjika mgongo. "Mimi ndiye mtu pekee niliyeumizwa na ulaini," alipenda kusema. Alikuwa mtu mkubwa, mzito kama magunia mawili ya sufi iliyolowa, na Sihaba alikuwa mwembamba kama uzi wake wa kushonea. Kila baada ya saa mbili ilipaswa ageuzwe, vinginevyo ngozi ya mgongo ingechanika na kuoza. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili kwa shuka lililokunjwa, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, na Bi Mosi ndiye aliyekuwa akihesabu: moja, mbili, ubavu! Sihaba alijaribu peke yake. Shuka lilichanika, mgonjwa akabaki palepale.

"Pole mke wangu. Ningekusaidia lakini nimelala."

Jumatano kidonda cha kwanza kilionekana. Siku hiyohiyo Bi Mosi alituma salamu kutoka ng'ambo: kibaba cha pili kikipitishwa, nitarudi siku hiyo hiyo. Na kesho yake Bunge lilikuwa linajadili kibaba cha pili, kwa mara ya nane. Sihaba alimwomba jirani yake, Mwatima, amkalie mgonjwa, akaenda.

Ukumbi ulijaa vitanda kutoka ukuta hadi ukuta, na kando ya kila kitanda alisimama muuguzi. Katiba ya Mlalo ilikuwa nyepesi: mheshimiwa anayekubali hulazwa ubavu wa kulia, anayekataa hulazwa ubavu wa kushoto. Kwa kuwa ilikuwa mwiko kwa mkubwa kujigeuza, kila kura iliyowahi kupigwa nchini ilipigwa kwa mikono ya wauguzi, na kibaba cha pili kilikuwa kimekataliwa mara saba na mikono ileile iliyokiomba. Kila mara muuguzi aliuliza ubavu gani, akajibiwa wa kushoto, akageuza, akaweka mto mgongoni mwa mheshimiwa ili asichoke. Waliapa kumlaza mtu upande anaoutaka yeye, na kiapo chao hakikuchagua wagonjwa.

Waheshimiwa walianza kwa sifa. Mmoja alisema wauguzi ni nguzo, mwingine akasema ni maua, wa tatu akalia machozi ambayo ilibidi yafutwe na muuguzi wake. Spika akahitimisha.

"Hawa ni malaika! Mtu anawezaje kumpimia malaika unga? Tutawapa siku yao katika mwaka, na wimbo."

Muuguzi wake, Siwema, alikuwa akimpepea. "Malaika hana tumbo, mheshimiwa," alisema bila kuacha kupepea. "Mimi ninalo."

Vitanda vilitikisika kwa kicheko.

"Ana maneno huyu!" alisema Spika. "Haya, Siwema, tumalize. Ubavu wa kushoto."

Siwema aliweka upepeo chini. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka miguuni pa Spika, akamtengenezea mto kwa mara ya mwisho maana hakuvumilia kuuona umekaa upande. Kisha akaondoka. Wa kitanda cha pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka ukumbi ukabaki na waheshimiwa sitini chali, wakitazama saa darini. Katiba haikuwa na neno lolote kuhusu chali.

"Wewe mama uliye mlangoni," aliita Spika, aliyeweza kuona ncha ya kilemba cha Sihaba tu. "Una mikono wewe?"

"Ninayo, mheshimiwa."

"Basi njoo unigeuze."

Sihaba alipanda ngazi, akamtazama kwa jicho la mtu anayeijua kazi. Ngozi ya Spika ilikuwa nzima. Mtu huyu angeweza kushuka na kwenda sokoni.

"Mgonjwa hugeuzwa na wawili," alisema. "Na mimi wangu nimemwacha chali tangu asubuhi."

Siwema, aliyeyasikia maneno hayo, alikuwa anamngoja nje. Kabla ya kuvuka daraja alipita naye nyumbani, na kwa pamoja walimgeuza Makame: moja, mbili, ubavu! Siwema akamwonyesha Mwatima namna ya kushika shuka. "Sasa naona mlango," alisema Makame. "Nilikuwa nimechoka na dari. Sijui wale wanaipendea nini."

Lakini kidonda kilikuwa kimeshatangulia. Homa ilimpata Jumapili, na siku tisa baadaye akafariki, ubavu wa kulia, akiutazama mlango.

Bungeni, inasemekana, wote sasa wanakubali. Wanapiga kelele kwamba wanakubali. Ila kura ya kelele si kura, lazima walazwe ubavu wa kulia, na wa kuwalaza wako ng'ambo wakingoja kura ipite. Magodoro nayo, yaliyoshonwa laini mno na mtu aliyejua kazi yake, yameanza kuwameza, na kutoka mlangoni huonekana pua tu. Yuko mheshimiwa mmoja mwembamba aliyeteremsha kidole cha mguu, akagusa sakafu, akakirudisha haraka akisema ni baridi. Wengine wanaapa walimwona baadaye sokoni amesimama akinunua maandazi. Yeye amekanusha, akiwa chini ya blanketi.

Sihaba huvaa aproni ya Bi Mosi. Yeye na Mwatima wanageuza wagonjwa watatu wa mtaa wao, na mtaa unawapa kila mmoja vibaba viwili. Njia yao hupita chini ya madirisha ya Bunge, ambako kengele za vitandani hulia tangu alfajiri. Saa moja kamili wanatakiwa kuwa kwa Mzee Shoka, aliyepooza upande mmoja, nao hufika.